Kujali ni sehemu ya ufundi: nadharia ya Swanson kando ya kitanda cha mgonjwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, muuguzi wa Marekani aitwaye Kristen Swanson alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Colorado. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na akawa anahudhuria kikundi cha akina mama waliopitia kisu kama yeye. Siku moja mada ikawa mimba kuharibika, na aliyealikwa kuzungumza ni daktari. Akaeleza kama madaktari wanavyoeleza: hutokea kwa kiasi gani, huleta matatizo gani ya kiafya. Lakini wanawake waliokuwa wamekaa pale walikuwa na jambo jingine la kusema. Walitaka kuzungumzia yaliyowapata wao. Swanson akaona kwamba baina ya mazungumzo hayo mawili kuna pengo, na pengo hilo ndilo akalifanyia utafiti wake wa uzamivu.

Hapo ndipo ilipoanzia nadharia ambayo wanafunzi wa uuguzi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaiacha mlangoni mwa wodi. Huiacha kwa sababu imefundishwa kama adabu: tabasamu, sema pole, usimfokee mgonjwa. Au huiacha kwa sababu wodini hakuna muda. Sababu ya kwanza ni kuielewa vibaya nadharia yenyewe. Ya pili ina ukweli ndani yake, na tutaifikia.

Mlezi wa Swanson kitaaluma alikuwa Jean Watson, ambaye mwaka 1979 alitoa kitabu kilichoweka kujali katikati kabisa ya uuguzi. Watson huandika kifalsafa, juu ya utu, nafsi na maana ya kuponya, na kuna wasomaji wanaompenda kwa hilo na wengine wanaochoka ukurasa wa tatu. Swanson alishuka chini zaidi. Aliwahoji wanawake 20 waliokuwa wamepoteza mimba karibuni. Baadaye akaenda kwenye chumba cha watoto wachanga mahututi, akawasikiliza wazazi na watoa huduma. Halafu akakutana na akina mama vijana 8 wenye maisha magumu, ambao wauguzi walikuwa wamewafuatilia kwa muda mrefu. Katika makundi yote matatu alitafuta kitu kimoja: mtu akisema "yule alinijali", huwa ametendewa nini hasa? Mwaka 1991 akachapisha jibu.

Kwa Swanson, kujali ni kuhusiana kwa kulea na mtu unayemthamini, ambaye unajiona una ahadi na wajibu wako binafsi kwake. Ndani ya uhusiano huo mna michakato mitano: kushikilia imani juu yake, kumjua, kuwa naye, kumfanyia na kumwezesha.

Ikikaa kwenye slaidi, mitano hiyo inaonekana kama vidole vya mkono mmoja, kila kimoja mahali pake. Kumbe kila mmoja ni kitu cha aina yake. Imani ni mtazamo ambao muuguzi anaingia nao wodini kabla hajamwona mgonjwa yeyote. Kumjua ni uelewa. Kuwa naye ni ujumbe ambao mgonjwa anaupokea. Kumfanyia na kumwezesha ndiyo matendo yenyewe, na yote yanaelekea kwenye ustawi wa mgonjwa. Ukiuona mpangilio huo unaelewa kwa nini muuguzi anaweza kufanya kila kitu kilichoandikwa kwenye faili, kwa wakati, bila kosa, na mgonjwa akaondoka akisema hakuna aliyemjali. Matendo yalikuwepo, uelewa haukuwepo.

Saa nne usiku, wodi ya wanawake

Tuchukue mama mmoja wa kubuni, ingawa yeyote aliyefanya kazi wodi ya magonjwa ya wanawake ameshakutana naye. Ana miaka 29 na mimba ya wiki 11. Ameletwa saa nne usiku akitokwa damu, ultrasound imeonyesha mimba imetoka nusu, na sasa anasubiri kusafishwa mfuko wa uzazi. Muuguzi wa zamu ana wagonjwa thelathini na kitu na msaidizi mmoja.

Kuna mambo ambayo yatafanyika hata kama muuguzi huyo hajawahi kulisikia jina la Swanson. Atampima presha, mapigo na joto. Ataangalia pedi. Ataweka kanula (kimrija cha kwenye mshipa), atachukua damu ya kupima wingi na kundi, atatundika dripu, atatoa dawa ya maumivu iliyoandikwa. Nadharia haiongezi kazi nyingine kwenye orodha hii. Inauliza tu: katika kuzifanya hizi, umemjua nani?

Sentensi inayowatoka wengi wetu mbele ya mama huyu ni "Pole mama, Mungu atakupa mwingine." Nia ni njema kabisa. Lakini ndani yake mmejaa dhana: kwamba mimba aliitaka, kwamba kilichoondoka kina mbadala, kwamba saa hii anawaza mtoto. Huenda ameitafuta mimba hii kwa miaka sita na neno "mwingine" linamchoma. Huenda hakuitaka, na ile ahueni anayoisikia moyoni ndiyo inayomtesa. Huenda hawazi mtoto kabisa bali anaiona damu na anadhani anakufa. Huenda anachohofia ni kesho asubuhi, mama mkwe atakapofika na uji. Katika maelezo ya Swanson kuhusu kumjua, jambo la kwanza ni kuepuka kudhani. Mengine yanafuata: kumweka yeye katikati, kumchunguza kwa kina, kutafuta dalili, na kukubali kwamba mnaokutana pale ni watu wawili, nafsi kwa nafsi.

Kwa hiyo badala ya kumfariji kwa kubahatisha, unamuuliza: "Mama, saa hizi nini kinakusumbua zaidi?" Swali hilo linaingia vizuri unapobandika tepu ya kanula, kwa sababu mikono ina kazi na macho yako karibu. (Usilete mazungumzo wakati presha inapimwa. Mgonjwa anayeongea namba zake hupanda, na utamwandikia daktari kitu kisichokuwepo.) Akijibu "naogopa kufa", usiku wake ni tofauti na wa mwenzake aliyejibu "mume wangu hajui." Wote wawili wana utambuzi mmoja wa ugonjwa kwenye faili.

Na faili lenyewe lina mtego. Kwa lugha ya kitabibu mimba iliyotoka yenyewe huandikwa pamoja na zile zilizotolewa, zote chini ya jina moja, na wodini linatamkwa "abosheni" kwa sauti ya kufika hadi mlangoni. Daktari anaposema "huyu ni wa abosheni", hamtuhumu mtu. Mgonjwa, na jirani yake wa kitanda cha pili, wanasikia kwamba ametoa mimba. Kuna mama atakayelala macho usiku mzima kwa neno moja lililosemwa kikazi. Ukiwa kando ya kitanda, sema "mimba imetoka yenyewe". Haikugharimu chochote.

Ila kumjua hakuishii kwenye hisia, na hapa ndipo wengi wanaoipenda nadharia hii huiharibu. Kuhesabu pedi ni kumjua mgonjwa. Kugusa mikono ukaikuta ya baridi, kuona midomo imepauka, kugundua kwamba mapigo yalikuwa 88 saa nne na sasa ni 118 ingawa presha bado inaonekana nzuri, hayo yote ni kumjua. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi presha ikiwa haijashuka, na kinachotangulia kusema ni mapigo. Swanson mwenyewe alisisitiza kujali kulikojengwa juu ya maarifa. Muuguzi aliyemshika mgonjwa mkono kwa upole asitambue kwamba anaishiwa damu, huyo hakumjali. Alikuwa mpole tu.

Dakika mbili zilizokaa vizuri

Kuwa naye ndiko kunakotisha wauguzi wenye wodi iliyojaa, kwa kuwa wanasikia kana kwamba wanaambiwa wakae. Katika wagonjwa thelathini utakaa na nani? Lakini alichokieleza Swanson ni pamoja na kumfanya mgonjwa ajue kwamba unapatikana, na hilo si lazima lipimwe kwa muda wa kukaa. "Naenda kutoa dawa upande ule, nitarudi kwako saa sita. Damu ikizidi kabla ya hapo, mtume dada wa kitanda hiki aniite." Kisha saa sita ikifika, urudi kweli. Ukichelewa, pita useme "sijakusahau, kuna dharura." Mgonjwa anayejua utarudi lini hulala. Asiyejua huita kila dakika kumi, na muuguzi akachoka, na akaanza kumwona msumbufu. Ukilipiga hesabu kwa zamu nzima, hapo muda umeokolewa.

Kuna kipengele kimoja ndani ya mchakato huu ambacho ni nadra kufundishwa: kutomtwika mgonjwa mzigo wako. Kushiriki hisia zake kunaruhusiwa, hata macho kulengwa na machozi kunaruhusiwa. Lakini muuguzi anayeanza kusimulia mimba yake mwenyewe iliyoharibika mwaka juzi, kwa urefu, mpaka mgonjwa ndiye anayesema "pole sista", ameshageuza viti. Wapo wanaofanya hivyo wakidhani ndiyo ukaribu.

Kumfanyia ni kumtendea yale ambayo angejitendea mwenyewe kama angekuwa na nguvu na ujuzi. Kumliwaza, kutabiri mahitaji yake, kufanya kwa ustadi, kumlinda, kumhifadhia heshima. Kwa mama wetu, kutabiri ni kutoa dawa ya maumivu mapema ili iwe imeshashika atakapoitwa kusafishwa, badala ya kuimeza mlangoni mwa chumba. Heshima ni skrini, na khanga safi kabla hajasimama, ili damu isimwaibishe mbele ya watu. Kumlinda ni kuangalia kitanda chake kiko wapi. Hospitali nyingi humlaza aliyepoteza mimba ukuta mmoja na waliojifungua, akisikia vichanga usiku kucha. Mara nyingine hakuna nafasi kwingine, tunajua. Mara nyingine ipo, ila hakuna aliyefikiria.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulikwepa: kilichotoka kinakwenda wapi? Wapo familia zinazotaka kuzika, hata kikiwa kidogo namna gani, kwa imani yao au mila yao. Wapo wasiotaka hata kuulizwa mara mbili. Huwezi kubahatisha kwa kuangalia jina la mtu au kilemba chake. Unauliza kwa upole, mara moja, kabla ya kusafishwa na si baada, kwa kuwa baada jibu halina kazi tena.

Kumwezesha hufanyika zaidi asubuhi anaporuhusiwa, na kwa kawaida ndiko kunakokatwa. Anapewa vidonge, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili, basi. Ila ataondoka na swali ambalo mitaani litajibiwa na wengine: kwa nini? Kwa sababu alibeba ndoo. Kwa sababu alilala na mumewe. Kwa sababu kuna mtu. Muuguzi ana majibu ya kumkata kiu hiyo. Takriban mimba 15 katika kila 100 zinazojulikana huharibika, na katika zile za miezi mitatu ya mwanzo sababu inayoongoza ni hitilafu za kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) zinazotokea tangu mimba inatungwa. Ndoo haihusiki. Aambiwe kwamba anaweza kushika mimba tena ndani ya wiki chache hata kabla hajaona siku zake, kwa hiyo kama hataki, achague njia ya uzazi wa mpango kabla ya kuondoka. Aambiwe arudi mara moja akilowesha pedi mbili kwa saa kwa saa mbili mfululizo, akipata homa, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu makali ya tumbo. Na asaidiwe kupanga atakavyosema nyumbani, kwa sababu ndilo jambo la kwanza atakalokabiliana nalo akishuka bajaji.

Mgonjwa ambaye hatumpendi

Kushikilia imani huelezwa kwa maneno matamu, matumaini na kadhalika, kiasi kwamba hakuna anayeona ugumu wake. Ugumu unakuja anapolazwa msichana wa miaka 17 akitokwa damu, na kila mtu wodini anaamini amemeza vidonge mwenyewe. Sauti hubadilika. Anaulizwa maswali ambayo hayasaidii matibabu. Dawa ya maumivu inachelewa, na hakuna anayekubali kwamba inacheleweshwa makusudi, lakini inachelewa.

Swanson anaanzia hapa: mtu huyu anathaminika, ana uwezo wa kulipita hili na kuwa na kesho yenye maana, na mimi nitakwenda naye mpaka mwisho wa safari hii. Ni mtazamo, kwa hiyo hautegemei kama mgonjwa amekufurahisha. Kama imani yangu juu ya mgonjwa inaanza baada ya kuridhika kwamba hana kosa, basi nilichonacho ni hukumu, na hiyo si kazi niliyosomea. Kwa yule wa miaka 29 ni rahisi. Nadharia hupimwa kwa yule wa miaka 17, kwa mlevi aliyelazwa mara ya tatu na ini lilelile, kwa mzee anayemtukana kila anayemgusa.

Matumaini yenyewe Swanson aliyawekea mpaka: yawe ya kweli. "Utazaa tu" si ahadi ya muuguzi kutoa. "Maumivu haya yatapungua, na hupaswi kuyabeba peke yako" ni ahadi inayoshikika.

Je, inafanya kazi?

Swanson hakuishia kwenye maelezo. Mwaka 1999 alichapisha jaribio la wanawake 242 waliopoteza mimba, ambamo baadhi walipata vikao vitatu vya ushauri, saa moja kila kimoja, vilivyojengwa juu ya michakato yake. Waliovipata walikuwa na hasira na huzuni pungufu katika mwaka wa kwanza. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la wenzi 341, wanawake na waume zao, wakilinganisha vikao vya ana kwa ana na muuguzi, video na kitabu cha mazoezi cha kujifanyia nyumbani, mchanganyiko wa vyote, na kutopata chochote. Muuguzi wa ana kwa ana ndiye aliyeleta faida pana zaidi kwa majonzi na sonona ya wote wawili. Kwamba mume naye aliingizwa kwenye hesabu ni jambo la kuzingatiwa, maana kwetu mume huishia getini akisubiri saa za kuona wagonjwa.

Hata hivyo tusijidanganye. Vikao vya saa moja nchini Marekani, vya muuguzi aliyefundishwa kwa ajili hiyo, si sawa na dakika mbili za zamu ya usiku. Majaribio hayo yanatuonyesha kwamba njia yenyewe ina nguvu. Hayatuambii dozi ndogo inafaa kiasi gani.

Tena nadharia ilizaliwa mahali ambapo mgonjwa huchukuliwa kama mtu mmoja mwenye siri zake. Wodini kwetu mgonjwa ana shangazi, dada, wifi na mchungaji, na chakula kinatoka nyumbani. Kumjua hapa ni pamoja na kumuuliza, ndugu wakiwa nje: nani aambiwe, na nani asiambiwe?

Tufike kwenye muda. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8, na Afrika ilikuwa miongoni mwa waliobeba mzigo mkubwa. Kumwambia muuguzi mmoja mwenye vitanda thelathini kwamba tatizo lake ni kutojali ni dhuluma, na ndivyo nadharia za namna hii zinavyotumika zikishikwa na uongozi mvivu: bango linabandikwa ukutani, malalamiko yanapelekwa kwa sista, idadi ya wauguzi inabaki ileile. Kumjua mgonjwa kunahitaji mazingira, na mazingira yanapangwa ofisini.

Kuna jambo moja lakini ambalo halihitaji kibali cha ajira. Wodi nyingi hugawa kazi kwa kazi: mmoja anapima presha za wote, mwingine anagawa dawa za wote, wa tatu anabadilisha vidonda. Inaonekana haraka. Matokeo yake mgonjwa anaguswa na watu watatu na hakuna hata mmoja anayemjua, na mapigo yaliyotoka 88 kwenda 118 yanaandikwa na mikono miwili isiyoonana. Wagawe wauguzi haohao kwa wagonjwa, kila mmoja na vitanda vyake, ampime, ampe dawa, amwandikie. Idadi ya kazi ni ileile, lakini sasa kuna mtu anayeweza kusema "huyu wangu amebadilika."

Na makabidhiano ya zamu yaongezewe kipande. Kawaida tunasema: kitanda cha 7, mimba imetoka nusu, anasubiri kusafishwa, presha nzuri. Iongezwe sentensi moja: mumewe ameshaambiwa, ila ameomba mama mkwe asijue mpaka aseme mwenyewe. Haimalizi sekunde kumi, na inamzuia muuguzi wa asubuhi kuitangaza habari hiyo pale uji unapoletwa.